Hanamu za ubao wa tezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi ambaye ameshachora mashua yake sakafuni kwa ukubwa kamili, mistari yote imelainishwa kwa fito (vipande vyembamba vya mti vinavyopindika), na sasa amefika kwenye kipande cha mwisho cha nyuma. Vipimo vya urefu ni vya milimita. Mifano mingi ni ya ubao bapa ulioinama kuelekea nyuma, maana ndivyo mashua nyingi zilivyo. Ubao wa mviringo una swali lake huko chini.

Hanamu ya ubao wa tezi ni nini hasa?

Ubao wa tezi ndio ukuta unaoifunga mashua kwa nyuma. Mbao za ubavu na za chini hutoka mbele, zikaja kulala juu ya ukingo wake. Mashua nyingi hupungua upana kadiri zinavyoelekea tezi, na sehemu ya chini nayo huinuka, kwa hiyo mbao hizo hazifiki kwenye ukingo kwa pembe mraba. Ukingo hukatwa mshazari ili ubao wa ubavu ulale juu yake kwa unene wote, kutoka uso wa nje hadi uso wa ndani. Mshazari huo ndio hanamu. Katika ukurasa huu, hanamu ya digrii 0 ni ukingo uliokatwa mraba; digrii zinahesabiwa kutoka hapo.

Hanamu haiwi moja kwa ukingo mzima. Juu, karibu na ukingo wa ubavu, inaweza kuwa ndogo. Ukishuka kwenye mzunguko wa tumbo la mashua inabadilika kila baada ya upana wa vidole vichache. Chini kabisa, karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua), ni nyingine tena.

Si inawezekana kukata mraba kwanza, kisha nikaranda taratibu hadi mbao zikae?

Inawezekana, ikiwa mti wa kuranda upo. Hapo ndipo penye hatari. Ukikata ubao mraba kwa kufuata umbo la uso wa nje, mti ambao hanamu ilipaswa kutokana nao umeshaanguka chini ya msumeno. Hakuna randa itakayourudisha.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kiungo hiki kiwe safi. Miisho ya mbao hunyonya maji kuliko nyuso zake, na kwenye tezi miisho yote inakutana mahali pamoja. Ubao uliogusa ukingo kwa mstari mwembamba tu, huku sehemu nyingine ikiwa wazi, utakazwa kwa skrubu hadi uonekane umekaa, lakini ndani pamebaki nafasi ya maji kukaa. Kuoza kwa tezi huanzia hapo.

Hanamu inapimwa kwa kuelekea wapi?

Kimraba na ukingo, siku zote. Shika kipimapembe cha kukunja: mpini wake ulale bapa kwenye uso wa ubao wa tezi, na mpini huohuo uukate ukingo kwa pembe mraba mahali unapopimia. Ulimi ndio unaofuata ubavu wa mashua. Ukipindisha mpini kidogo, ukafuata mstari wa maji au mstari wa wima badala ya kusimama mraba na ukingo, ulimi utaonyesha pembe nyingine kabisa, na itaonekana sahihi kabisa machoni.

Anayelishika hili moja ameshavuka nusu ya kazi. Ugumu wote wa hanamu za tezi unatokana na kwamba pembe hii hukaa kwenye mkato ambao hakuna mchoro wa kawaida unaouonyesha: si mchoro wa ubavu (mashua ikitazamwa kutoka kando), si mchoro wa juu (ikitazamwa kutoka juu), si mchoro wa mikato (ikitazamwa kutoka mbele au nyuma).

Nimepima pembe kwenye mchoro wa juu, pale mstari wa maji unapokutana na tezi. Kwa nini isitoshe?

Kwa sababu mstari wa maji ni mkato wa kulala, na ubao ulioinama haukutani na mkato wa kulala kwa mraba.

Chukua mfano huu. Mstari wa maji unaingia ndani kuelekea tezi kwa digrii 12 kutoka mstari wa kati. Mahali hapohapo ubavu umechanua, yaani unatoka nje kadiri unavyopanda, digrii 20 kutoka wima. Ubao wa tezi umeinama nyuma digrii 15. Mchoro wa juu utakuambia hanamu ni digrii 12. Hanamu ya kweli ni digrii 16.

Digrii 4 zinasikika ndogo. Kwenye ubao wenye unene wa 25, hanamu ya digrii 12 inaondoa 5.3 kwenye ukingo wa nje, na ya digrii 16 inaondoa 7.2. Aliyekata kwa digrii 12 ameacha karibu milimita 2 za mti zisizotakiwa upande wa nje. Ubao wa ubavu utaegemea hapo nje, na kwa ndani utaachia mwanya wa milimita 2. Ukiitazama mashua kutoka nyuma kiungo kinaonekana kimebana. Mwanya uko upande usioonekana.

Kinacholeta tofauti ni kwamba mwinamo na mchanuo vinaongezana. Ukisafiri kimraba kutoka uso wa nje wa ubao ulioinama kwenda mbele, unapanda pia. Na kwenye ubavu uliochanua, kupanda ni kupanuka. Mchoro wa juu hauoni upanuko huo.

Hakuna hali ambayo pembe ya mchoro inatosha yenyewe?

Zipo mbili, na zote ni rahisi kuzitambua.

Ya kwanza: ubao umesimama wima kabisa na ubavu hapo pia uko wima. Mchoro wa juu unatoa hanamu ya kweli.

Ya pili inatumika zaidi: sehemu ya chini ni bapa kutoka upande hadi upande. Ukingo wa chini wa ubao umelala sawa, kwa hiyo mkato wa wima wa kwenda mbele na nyuma uko mraba nao. Soma moja kwa moja kwenye mchoro wa ubavu. Ubao ukiwa umeinama digrii 12, na chini ya mashua kukiwa kunapanda digrii 6 kuelekea nyuma, hanamu ni digrii 18, yaani jumla ya vyote viwili. Kwenye unene wa 25, uso wa ndani unashuka chini ya uso wa nje kwa 8 hivi. Lakini chini kukiwa na umbo la V, hata kidogo, ruhusa hii imekwisha.

Basi ni njia gani ya uhakika inayofaa kila umbo?

Chora nyuso mbili za ubao, wa nje na wa ndani, kila mmoja kwa umbo lake halisi, mmoja juu ya mwingine. Nimeona njia nyingi za mkato zikipendekezwa. Hii ndiyo ninayoiamini, kwa sababu inafanya kazi kwa ubavu ulionyooka, tumbo la mviringo na chini ya V bila kubadilisha chochote.

Anza kwenye mchoro wa ubavu. Ubao wa tezi huonekana hapo kama mstari mmoja ulioinama. Huo ni uso wa nje. Mbele yake chora mstari wa pili sambamba nao, kwa umbali uliopimwa kimraba na ubao wenyewe, wala si kwa kufuata mstari wa maji. Huo ni uso wa ndani.

Kila mahali mstari wa maji unapokata nyuso hizo mbili, teremsha pointi hadi mchoro wa juu, ufuate mstari uleule wa maji, usome nusu-upana, yaani umbali kutoka mstari wa kati. Fanya hivyo pia kwa ukingo wa juu wa ubavu na kwa kona ya tumbo (pale ubavu na chini vinapokutana kwa pembe), ikiwa mashua ina kona. Kwa mistari ya mkato wa wima, ile ya mikato iliyo sambamba na mstari wa kati, kazi ni nyepesi zaidi: nusu-upana wake unajulikana tayari, unachosoma ni mahali unapokata kila uso kwenye mchoro wa ubavu.

Sasa tafuta nafasi safi sakafuni. Chora mstari wa kati, na mstari wa msingi unaoukata mraba. Kila pointi ina vipimo viwili: umbali wa kupanda, uliopimwa kwa kufuata mwinamo wa ubao, na nusu-upana. Weka pointi za uso wa nje, pinda ufito uzipitie zote, chora. Weka pointi za uso wa ndani, fanya vivyo hivyo. Una mikunjo miwili inayokaribiana, na nafasi iliyo kati yake ndiyo hanamu yako.

Simamisha guniya (kipimo cha pembe mraba) kwenye mkunjo wa nje mahali popote unapotaka, upime kimraba hadi mkunjo wa ndani. Kisha chora pembetatu mraba: mguu mmoja ni umbali kati ya nyuso, mguu wa pili ni nafasi uliyopima. Mlalo wake, ule upande mrefu wa mshazari, ndio hanamu. Katika mfano wa juu, nyuso zikiwa zimeachana 50, nafasi itakuwa 14 na kidogo, na pembetatu itakupa digrii 16.

Nimefuata hatua zote, lakini mikunjo yangu miwili inavukana kwa ajabu. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara liko kwenye mstari wa msingi. Vipimo vya kupanda vya nyuso zote mbili lazima vianzie kwenye mstari mmoja uliochorwa *kimraba na ubao wa tezi* kwenye mchoro wa ubavu. Wengi huanzia pale kila uso unapokutana na mstari wa msingi wa mashua, ambao umelala. Hizo si sehemu zinazotazamana. Kwa mwinamo wa digrii 15 na nyuso zilizoachana 25, umbo la ndani litahama kwa 6.7 juu ya ubao. Hanamu za ubavuni zitaharibika kidogo, na za chini zitaharibika vibaya.

Dawa yake: kabla ya kupima chochote, chora mstari huo wa mraba ukate nyuso zote mbili, uuandike "msingi wa tezi", na usipime kutoka mahali pengine.

Nyuso mbili ziachane kwa umbali gani?

Kwa unene wa kiunzi chote kitakachochongwa hanamu. Watu husahau kwamba ndani ya ubao wa tezi kwa kawaida kuna fremu ya ukingoni ambayo nayo hupokea skrubu za mbao za ubavu. Ubao wa 22 na fremu ya 30 ni 52, na mbao zitalala juu ya 52 zote. Ukitumia kipimo hicho, mkunjo wa ndani unakuwa ndio mstari wa kukatia fremu yenyewe, huhitaji hesabu nyingine.

Ubao ukiwa mwembamba na hauna fremu, usichore nyuso zilizoachana 12. Kosa la nusu milimita la penseli kwenye 12 ni zaidi ya digrii 2. Chora kwa 50 upate pembe, kisha uihamishie pembe kwenye unene halisi.

Nikate ubao kwa mstari wa uso upi?

Ule mkubwa. Kwenye mashua inayopungua kuelekea nyuma mkubwa ni wa ndani. Kata mraba nje kidogo ya mstari huo, ukiacha milimita 2 au 3, kisha randa kuelekea mstari wa uso wa nje. Mistari yote miwili ichorwe kwenye mti wenyewe, kila mmoja kwenye uso wake, kwa kutumia mstari wa kati uliozungushwa ubao mzima kwa guniya.

Kwenye baadhi ya mashua za mwendo kasi ubavu huenda karibu sambamba hadi mwisho, na ukubwa unaweza kubadilika kati ya juu na chini. Hapo usidhani, tazama mikunjo yako miwili na ukate kwa ule ulio nje kwa kila sehemu ya ukingo.

Hakikisha pia ramani ya mashua imetoa mahali pa uso upi. Baadhi ya ramani hutoa uso wa nje wa ubao, baadhi hutoa uso wa ndani.

Unene wa mbao za ubavu unaondolewa wakati gani?

Ikiwa mistari yako imechorwa kwa nje ya mbao, uondoe kabla ya kukata, la sivyo tezi itakuwa pana kuliko mashua. Unene huondolewa kimraba na ubavu, lakini wewe unachora kwenye uso wa ubao wa tezi, ambao umekatwa na ubavu kwa mshazari. Kwa hiyo kipimo cha kuondoa kinakuwa kikubwa kidogo: gawa unene wa ubao wa ubavu kwa kosaini ya hanamu. Ubao wa 15 kwenye hanamu ya digrii 16 unaondolewa 15.6. Kwenye digrii 30 ni 17.3, na hapo tofauti inaonekana kwa macho.

Pointi ngapi zinatosha?

Kwenye ubavu ulionyooka, juu na chini tu. Kwenye tumbo la mviringo hazitoshi hata kidogo, na kuongeza mistari ya maji hakusaidii sana, kwa sababu pale kwenye mzunguko mistari ya maji na mikato ya wima hukata ubavu kwa mshazari mkali, na penseli inateleza milimita kadhaa bila wewe kujua. Tumia mistari ya ulalo, yaani ya mikato inayoshuka kwa mshazari kutoka mstari wa kati, inayoingia kwenye mzunguko karibu mraba. Miwili au mitatu kwenye mzunguko itakupa hanamu unazoweza kuziamini.

Fito zangu zinaishia kwenye tezi. Ni tatizo?

Ndiyo. Ufito unaoishia kwenye pointi ya mwisho hunyooka kwenye ncha, kwa hiyo mkunjo unakufa palepale unapouhitaji zaidi, na hanamu zote zinatoka ndogo au kubwa kuliko ubavu halisi. Chora mkato mmoja wa kufikirika nyuma ya tezi, kwa umbali sawa na ule wa mataruma (mbavu za mashua), uendeleze mistari hadi hapo. Ubao wa tezi ukate mistari inayopita, usiwe mwisho wake.

Ubao wa tezi ukiwa wa mviringo je?

Kanuni ni ileile, kazi ni zaidi. Uso wa ndani si sambamba tu, ni mkunjo unaoufuata wa nje kwa umbali uleule, na kila kipimo cha kimraba kinaelekea upande wake. Umbo halisi hupatikana kwa kuukunjua ubao: pima umbali wa kando kwa kufuata mkunjo wa ubao, kwa kipande cha ufito mwembamba kilichopindwa juu yake, badala ya kupima kwa mstari ulionyooka.

Tegemea hanamu kubwa kwenye pembe za nje. Ubao uliobenuka nyuma, ambao ukingoni umegeuka digrii 10, unaziongeza hizo kwenye zile ambazo ubavu ulikuwa nazo: 12 inakuwa 22 hivi. Anza na mti mpana kuliko unavyofikiri.

Naweza kuhesabu kwa kikokotoo badala ya kuchora?

Kwa ubao bapa, ndiyo, na ni njia nzuri ya kuhakiki mchoro. Ita p tanjenti ya pembe kati ya mstari wa maji na mstari wa kati, q tanjenti ya mchanuo wa ubavu kutoka wima, na r mwinamo wa ubao. Saini ya hanamu ni:

(p × kosaini r + q × saini r) ÷ kipeuo cha pili cha (1 + p² + q²)

Kwa mfano wetu: p ni 0.213, q ni 0.364, r ni digrii 15. Juu panakuwa 0.300, chini 1.085, saini ni 0.276, hanamu ni digrii 16. Ubavu unaojikunja ndani kwa juu una q hasi, na hapo mwinamo unapunguza hanamu badala ya kuiongeza.

Programu za kuchorea mashua hutoa pembe hizi pia. Hakiki moja au mbili kwa mkono kabla ya kuziamini zote.

Hanamu zinatolewaje sakafuni hadi kwenye mti?

Kwa kipande cha ubao laini chenye ukingo mnyoofu. Chora juu yake kila hanamu kama mstari, uipe jina la mahali pake: "maji 2", "ulalo 1", "kona". Unapochonga, weka kipimapembe kwa mstari huo, sio kwa namba za digrii. Kila mstari uandikie pia uso wa kuegemezea mpini, wa nje au wa ndani, kwa sababu pembe ileile ikigeuzwa inakata upande usiofaa.

Chonga kwanza mahali penye alama tu, vijitako vifupi vya upana wa patasi, kila kimoja kwa hanamu yake. Kisha unganisha kijitako na kijitako kwa randa. Ubao ukishasimamishwa mahali pake, pinda ufito juu ya mataruma matatu ya mwisho hadi kwenye ukingo, uchungulie kwa ndani. Mwanga ukipita, randa upande unaogusa.

Ukingo wa juu nao una hanamu?

Ikiwa kuna sitaha, ndiyo, nayo hupatikana kwa mikunjo miwili kama kawaida. Bila sitaha, ulainishe tu.

Ubao wangu umeshakatwa na umetoka mdogo. Nianze upya?

Pima kwanza. Mashua inayopungua kuelekea nyuma inakupa njia: ubao mdogo unakaa sawasawa nyuma kidogo ya mahali ulipopangiwa. Mstari wa maji ukiingia kwa digrii 12, upungufu wa 2 kila upande unafutika kwa kuusogeza ubao nyuma kwa milimita 9 au 10. Angalia chini pia: pakiwa panapanda digrii 6, usogezaji huo unahitaji ukingo wa chini uwe juu kwa 1. Ikiwa upungufu wa chini nao ni kama huo, sogeza, hakikisha mbao zako zina urefu wa kufika, na endelea. Ikiwa kila upande umepungua 2 na chini hakujapungua kitu, randa chini hiyo 1, kisha sogeza. Upungufu ukizidi 5 kila upande, usogezaji unafika milimita 24, na hapo mahali pa usukani au mashine pameshabadilika. Kata ubao mwingine, na huu wa kwanza utoe fremu ya ndani.